Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Dirisha la Malipo

Ilongero, Wilaya ya Singida

Mheshimiwa Dirisha,

Mimi ni mzazi miongoni mwa wazazi wa Ilongero, mkulima wa alizeti na mfugaji wa kuku wachache, na nimekusudia kukuandikia wewe mwenyewe, wala si Waziri, wala si Mkurugenzi, wala si Mganga Mkuu wa Wilaya, kwa sababu tangu nipate akili sijaona amri ya yeyote kati ya hao ikiingia katika nyumba ya tiba pasipo kusimama kwanza mbele yako ikaulizwa kama ina namba ya malipo. Mawaziri huja na huondoka, sera huandikwa na huandikwa upya, bali wewe u papo hapo, na nondo zako, na tundu lako la kupitishia noti, na ile karatasi iliyobandikwa kwa gundi ya kuwataka wateja waje na chenji kamili. Nyumba unamokaa sitaitaja, kwa kuwa unakaa katika nyumba nyingi, na si insafu kuifedhehesha moja kwa tabia ya zote.

Sikuja kulalama. Nimekuja kukusifu, kwani aghalabu watu hukusogelea kwa ghadhabu na hakuna akushukuruye kwa elimu unayowapa.

Waliotunga Sera ya Afya ya mwaka 2007 walikuwa watu wenye huruma, lakini huruma yao, naona, ilikuwa na haraka. Waliandika ya kuwa mtoto aliye chini ya miaka mitano apate huduma katika vituo vya serikali bila ya malipo, sawa na mama mjamzito na mzee wa miaka 60 au zaidi asiye na uwezo, wakaweka nukta, wakaenda zao. Hawakutafakari ya kuwa mtoto mmoja anaweza kuwa watoto wawili kwa wakati mmoja: mtoto wa kliniki, ambaye hupimwa uzito na kuchanjwa, na mtoto wa matibabu, ambaye hukohoa. Ilibaki juu yako, Mheshimiwa, kuvumbua tofauti hiyo, nawe uliivumbua mbele ya mke wangu asubuhi moja ya Februari, wakati alizeti imo bado shambani haijachanua na hakuna katika kaya nzima mtu mwenye fedha ya kutosha kubishana.

Mtoto wetu alikuwa ametimiza miezi 9, umri wa chanjo ya kwanza ya surua na rubela. Alivishwa ile suruali ya kitambaa, akatundikwa kwenye mizani inayoning'inia darini, akalia kama ilivyo ada, na muuguzi akasoma mshale, akatia nukta ndogo ya wino katika kadi, nayo nukta ikaangukia sehemu ya kijani, mama yake akaitazama kwa furaha ambayo wewe, kwa kuwa umeelekezwa upande wa pili wa korido, hukubahatika kuiona. Akachomwa sindano yake, na mpaka hapo hakuna aliyedai hata senti. Ndipo mtoto akakohoa, na mama yake, ambaye wazazi wake walimlea katika ukweli, akamwambia muuguzi ya kuwa kikohozi hicho kina usiku wa tatu sasa. Kwa kauli hiyo moja mwanangu alitoka katika milki ya kinga akaingia katika milki ya tiba, ambayo mpaka wake, kama tulivyofahamishwa, ni mlango wa pili mkono wa kushoto, na forodha yake ni wewe.

Ulitaka fedha ya kufungua faili, na fedha ya kumwona daktari, na fedha ya kipimo cha malaria. Mke wangu akakujibu kwa adabu ya kuwa mtoto huyu hajafika miaka mitano. Ukataka ithibati. Mtoto alikuwa mgongoni kwake, ana meno mawili ya chini, hajui kutembea, amelala na kamasi zake juu ya khanga, nawe ukataka ithibati! Akakutolea kadi ya kliniki yenye tarehe ya kuzaliwa, iliyoandikwa na mkono wa mtumishi wa nyumba hiyo hiyo na kupigwa muhuri wa nyumba hiyo hiyo, ukaikataa kwa hoja ya kuwa ni kadi ya chanjo, haihusiani na matibabu. Kisha ukamalizia kwa maneno ambayo sijapata kusikia mwanasheria akiyapiku: mfumo unamsoma kama mteja wa fedha taslimu. Nani angeweza kujibu hoja hiyo? Mfumo hauna sikio la kumsikia mama, wala jicho la kuona meno mawili. Akalipa shilingi 8,500. Akanunua na daftari la shilingi 500 dukani ng'ambo ya barabara, kwa kuwa daktari hana karatasi ya kuandikia. Dawa, alipofika kwenye dirisha la ndugu yako, zilikuwa zimekwisha, akaelekezwa kwenye duka la dawa muhimu, akaacha huko shilingi 4,000 nyingine. Jumla hiyo ni karibu sawa na bei ya jogoo, tena jogoo wa Singida, ambaye walaji wa Dar es Salaam humsifu pasipo kujua anauzwa kwa dharura gani.

Usidhani nakuona umepotoka peke yako. Nimepata habari ya kuwa nchini Marekani, taifa lenye mali kuliko yote, sheria iliyotiwa saini na Rais Barack Obama mwaka 2010 iliamuru makampuni ya bima yalipie uchunguzi wa kawaida wa watoto bila ya mzazi kuchangia. Nimesikia pia ya kuwa huko nako mzazi akithubutu kumwuliza daktari, katikati ya uchunguzi huo wa bure, habari za upele au sikio linalouma, ziara hugawanyika ikawa mbili, na baada ya wiki kadhaa barua ya deni hufika nyumbani. Wanaoona ya kuwa Tanzania inachelewa kuyafikia mataifa makubwa hawajapita Ilongero. Tumewafikia, na kwa namna moja tumewapita, maana deni la kwao huja kwa posta na la kwetu hulipwa kabla ya mtoto kuguswa.

Tena nakumbuka ulivyomshauri mke wangu, kwa hisani, kwamba tukate bima. Nasaha hiyo niliitafakari siku nyingi. Najua ya kuwa uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza mwaka 1993, baada ya miaka mingi ya tiba isiyolipiwa, serikali iliona watu watashindwa, ikatafuta njia, na mwaka 1996 jirani zetu wa Igunga wakawa wa kwanza kujaribiwa Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao baadaye, ulipoboreshwa, kaya ya watu sita iliulipia shilingi 30,000 kwa mwaka. Lilikuwa jambo jema, na mwenye uwezo hakupaswa kulipuuza. Najua pia habari za Toto Afya Kadi, iliyokuwa ya shilingi 50,400 kwa mtoto mmoja kwa mwaka, na jinsi Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulivyositisha mwezi Machi 2023 kumsajili mtoto mmojammoja, ukaelekeza watoto wasajiliwe kwa makundi kupitia shuleni, kwa hoja ya kuwa wazazi walikuwa wakiwasajili watoto wakiwa wameshaugua. Agizo hilo lilinishangaza kidogo, kwa kuwa mtoto wa miezi 9 hana shule. Kadi ile, sikatai, ilimfaa mtoto hata akiwa na miaka 17. Lakini kwa huyu wangu mwenye meno mawili nakuuliza, Mheshimiwa, kwa unyenyekevu wote: mtu hukata bima ya kujikinga na gharama gani, ikiwa sera imeshasema gharama hiyo haipo?

Naomba sasa uniwie radhi nikiacha mzaha kwa kitambo. Fedha zile zilituuma, kisha tukazizoea. Lililonisumbua ni lile nililoliona siku nyingine ya kliniki, nilipomsindikiza mke wangu: mama mmoja katika foleni ya mizani akimnyonyesha mwanawe kwa nguvu kila alipotaka kukohoa, na mwingine akimnong'oneza wa tatu ya kuwa ukiulizwa habari za mtoto, sema mzima, upate chanjo uondoke. Hao si wajinga. Wamefundishwa, na mwalimu wao ni wewe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na siku ya mizani ndiyo siku ambayo mtumishi wa afya hupata nafasi ya kumtazama mtoto kabla nukta haijashuka kutoka kijani. Lakini nukta haisemi kuhara kwa juma lililopita, wala kukosa usingizi, wala kikohozi cha usiku. Husema mama. Nawe umempangia bei ya kusema.

Kwa hiyo naomba mambo machache, yote ya gharama ndogo. Bandika ukutani, kwa Kiswahili kinachosomeka, orodha ya huduma zisizolipiwa kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, pale pale ulipobandika tangazo la chenji. Ikubali kadi ya kliniki kuwa ithibati ya umri, kwa kuwa imeandikwa na nyumba yako mwenyewe. Waagize mafundi wako waufundishe mfumo neno msamaha, maana sera inalijua tangu mwaka 2007. Na kila unapopokea fedha, toa stakabadhi inayotaja ni ya nini, ili mwenye swali apate la kumwonyesha Mganga Mfawidhi.

Chanjo ya pili ya surua na rubela ni mtoto akitimiza miezi 18. Tutakuja, na mke wangu nimemsihi aseme yote anayoyajua juu ya afya ya mtoto, kikohozi kikiwemo. Tafadhali orodha iwe imeshabandikwa.

Nami ni wako mtiifu,

Mzazi wa Ilongero