Safari ya Mteremko

Lushoto iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Tanga iko baharini. "Kwa hiyo," Mwenyekiti alituandikia kwenye kundi letu la WhatsApp, "kimahesabu safari nzima ni mteremko." Sote saba tukajibu kwa dole gumba. Mimi, mpenda mteremko katika mambo yote, niliyepanda baiskeli mara ya mwisho nilipotumwa mafuta ya taa, nilituma mawili.

Tukapakia baiskeli juu ya basi hadi Lushoto, tukalala. Asubuhi, kwenye baridi ile ya sweta mbili, nikapitia sokoni kununua kilo tatu za nyanya za mama mkwe, mkazi wa Tanga. Ukweni hakuendwi mikono mitupu. Nikazitia kwenye begi, begi mgongoni, tukaanza.

Kutoka Lushoto hadi Mombo kupitia Soni ni kilomita 33 za kona. Huku ukuta wa mlima, huku hewa tupu, na katikati basi linalopiga honi baada ya kukata kona, si kabla. Breki nilizikamata Lushoto na sikuziachia hata kuwapungia watoto waliotushangilia. Pale Soni wenzangu waliposimama kupiga picha maporomoko, mimi nilikuwa natafuta fundi. Vidole vimegoma kukunjuka, rimu inanuka mpira wa kuungua. Fundi, chini ya mti na beseni lake la kutafutia pancha, aliitazama breki, akanitazama mimi.

"Kaka, hizi breki umezitafuna?"

Akaniwekea mpya. Zilishika vizuri mno: kwenye kona ya tatu baiskeli ilisimama, mimi nikaendelea. Nilitua chali, juu ya nyanya.

Tuliingia Mombo saa sita mchana, joto linafukuta. Mama mmoja muuza mahindi aliuona mgongo wangu, akapiga ukelele. "Jamani! Huyu baba kagongwa na gari gani?" Watu wakajaa. Nikasema ni nyanya. Hakuna aliyeniamini mpaka mzee mmoja alipochovya kidole, akaonja.

Hapo ndipo hesabu za Mwenyekiti zilipoanza kugoma. Mombo iko mita 400 hivi. Maana yake, katika zile mita 1,400, elfu moja tulikuwa tumezimaliza kwa kilomita 33, tena kwa breki. Zilizobaki tulitakiwa kuzigawanya kwa kilomita kama 130 mpaka baharini, na aliyezigawanya hakutenda haki. Barabara inashuka kidogo, inajuta, inapanda. Kila kilima Mwenyekiti alikiita "kimwinuko". Siku ya pili, baada ya kulala Korogwe, vimwinuko vilizidi hadi Mhasibu akatoa hoja achaguliwe mwenyekiti mpya palepale Segera. Hoja ilikwama: hakuna aliyekuwa na pumzi ya kusema ndiyo.

Mbele ya Segera alitupita mzee wa rika la baba yangu juu ya Phoenix isiyo na gia, nyuma kafunga magunia mawili ya mkaa na juu ya magunia jogoo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mmeharibikiwa?"

Hatukuwa tumeharibikiwa. Ndiyo ilikuwa kasi yetu.

Muheza tulikula machungwa mpaka midomo ikawasha, tukalala na viatu. Siku ya tatu tukaingia Tanga, na Tanga, kwa asiyejua, ni mji wa baiskeli. Hapo hakuna wa kumshangaa mtu kwa kupiga pedeli. Mama mmoja wa buibui, mtoto kwenye keria, alitupita taratibu akatupa pole ya safari. Sisi tulikuwa tumevaa helmeti. Raskazone, Mwenyekiti akaingiza tairi la mbele majini, akapigwa picha, akaandika kwenye kundi: "Tumeteremka salama."

Kwa mama mkwe nilifika jioni nikitembea kama mtu aliyetahiriwa jana.

"Karibu, baba. Keti."

Nilikuwa nimeapa kutokalia kitu chochote kwa wiki nzima. Lakini neno la mkwe halipingwi. Niliketi, tena kwenye kigoda, nikatabasamu. Kisha nikafungua begi. Katika kilo tatu, nyanya zilizofika nzima zilikuwa nne. Akazipikia samaki.