Subira Huvuta Kushoto

Kwenye bampa ya mbele ya lori langu yameandikwa maneno matatu: SUBIRA HUVUTA HERI. Mchoraji wa Kariobangi aliyeyaandika hutoza kwa herufi, ndiyo maana sikuongeza hata nukta. Lori lenyewe nililinunua kwa mkopo wa Sacco, baada ya kugundua kwamba kila mwisho wa mwezi nusu ya Eastlands huhamia kwa nusu nyingine. Wa Kayole anakuja Umoja, wa Umoja anakwenda Donholm, na wa Donholm aliyepunguzwa kazi anarudi Kayole. Mwenye lori hakosi mzigo. Siku za wiki nafundisha fizikia. Jumamosi nabeba makochi.

Basi lori likaanza kuvuta, na halikuvuta heri. Kila nikikanyaga breki, linavuta kushoto. Mwanzoni lilivuta kidogo, kama mtu anayekushika shati akupe umbea. Baada ya wiki mbili likawa linavuta kama mtoto aliyeona muuza aiskrimu. Nikazoea. Nikiona mbele pana shida, nakanyaga breki huku nikikata usukani kulia, na tunaelewana.

Jumamosi moja ya likizo ya Aprili nilikuwa nimebeba nyumba nzima ya mteja kutoka Kayole: makochi, friji, kabati la vyombo, jogoo aliyefungwa miguu, na mama mkwe wa mteja ambaye alikataa kupanda matatu akasema atakaa mbele na mwalimu. Kwenye barabara ya Manyanja, matatu iliyokuwa mbele yetu ikasimama katikati ya njia kushusha abiria, kama ilivyo desturi. Nikakanyaga kwa nguvu. Lori likapinda kushoto, likatoka barabarani, likapita kati ya muuza mahindi na kibanda cha simu bila kumgusa mtu, likasimama pua yake ikiwa mlangoni mwa baa. Ilikuwa saa nne asubuhi. Wateja waliokuwa ndani wakatupigia makofi. Mmoja akamwuliza mama mkwe atakunywa nini.

Nilipofika nyumbani, habari zilikuwa zimenitangulia. Mwalimu ameonekana baa asubuhi, mke wangu aliambiwa, na alikwenda na lori kabisa, na mama mmoja mzee alikuwa kando yake. Yote yalikuwa kweli, na ndiyo maana sikuweza kujitetea.

Fundi wetu hana gereji yenye lango wala bango. Ana ukuta wa watu, kipande cha ardhi kilicholowa oili hadi kikawa cheusi, na sanduku la spana. Aliliendesha lori hatua chache, akashuka, akagusa magurudumu ya mbele kwa mgongo wa mkono. La kushoto lilikuwa la moto. La kulia lilikuwa baridi kama soda.

“Ni la kushoto lina shida,” wakasema waliokuwa wamesimama. Hapa kwetu ukifungua boneti tu, au ukiinamisha kichwa cha lori, unapata kamati.

“Hapana,” akasema fundi. “Huyu anayevuta ndiye anafanya kazi. Mwenye amekufa ni wa kulia.”

Nilinyamaza nikakumbuka ofisi ya walimu ya shule yetu.

Tukapiga jeki, tukatoa gurudumu, na maiti ikaonekana. Kalipa ni ngumi ya chuma iliyokumbatia ukingo wa diski. Ukikanyaga breki, mafuta husukuma pistoni, pistoni husukuma pedi, na pedi mbili huibana diski kutoka pande zote mbili, kama unavyozima utambi wa mshumaa kwa vidole. Yangu ilikuwa na raba ya vumbi iliyopasuka zamani. Maji ya mvua na vumbi la Kayole vikaingia, pistoni ikashika kutu, ikakwama ndani kama kizibo. Fundi aliipiga nyundo mara tatu, kwa heshima tu.

“Nunua mbili,” akasema. “Ukiweka moja mpya, italemea upande wake. Safari hii utavuka barabara uingie baa ya ng'ambo.”

Nikamwuliza kama amewahi kufunga hizi, maana malori mengi ya mtaani aliyoyazoea ni ya breki za dramu, na langu lilitoka Japani likiwa na diski. Akasema amewahi kuziona. Ningesikia vizuri tofauti ya kufunga na kuona, lakini nilikuwa nikifikiria bei.

Jumatatu nikaenda Grogan. Ramani inasema barabara ya Kirinyaga, lakini hakuna mtu aliyewahi kununua spea Kirinyaga. Watu hununua Grogan. Jina la kale ni la Ewart Grogan, Mwingereza aliyefika Cairo mwaka 1900 baada ya kuvuka Afrika kutoka kusini hadi kaskazini, sehemu kubwa kwa miguu, ili amthibitishie baba wa kambo wa mchumba wake kwamba anafaa kuoa. Nilibeba kalipa mfu ikiwa imefungwa kwa gazeti, kwa sababu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, na gazeti halijawahi kushinda mafuta ya breki. Nikaingia duka hadi duka huku suruali ikilowa pajani. Kila muuzaji aliitazama, akaigeuza, akaniambia nimuulize jirani. Kufikia duka la tisa nilikuwa nimeanza kumwelewa Grogan. Tofauti ni kwamba yeye mwisho wa safari alipata mke. Mimi mke nilikuwa naye, naye alikuwa akingoja nimalize kueleza habari za baa.

Duka la kumi na moja walikuwa nazo, jozi, zilizotumika Japani. Muuzaji akachukua chaki, akaandika L kwenye moja na R kwenye ya pili. Akanieleza kwamba angeandika kwa Kiswahili, lakini kushoto ni K na kulia ni K, na biashara haiendeshwi hivyo.

Sasa hapa ndipo lazima niungame. Usiku ule niliziweka kalipa mezani, nikaziona zimechafuka, nikachukua kitambaa na petroli nikazisugua mpaka zikang'aa. Nimefundisha miaka 14. Nikiona chaki, mkono wenyewe unatafuta dasta.

Jumanne saa tatu asubuhi tulikuwa chini ya lori: fundi, taniboi wangu, mimi, na kijana mwanagenzi wa miaka kama 17 ambaye kazi yake ilikuwa kushika tochi. Jua lilikuwa linawaka, lakini tochi nayo iliwaka, kwa sababu ndiyo kazi. Kalipa zikaingia. Bolti zikakubali. Paipu ya mafuta ilijikunja kidogo kama shingo ya mtu anayechungulia, fundi akaitazama akasema, “Si imefika?” Kweli ilikuwa imefika.

“Fundi,” akasema kijana, “hii naona kama...”

“Shika tochi.”

Ikabaki kutoa hewa. Mtu mmoja anakaa kwenye kiti cha dereva, mwingine yuko chini na spana ndogo kwenye nipo, kile kichuchu cha chuma kilicho kwenye kalipa ambacho ukikilegeza mafuta hutoka na hewa yake. Huku chini sauti inapanda: “Pampu! Pampu! Pampu! Shika!” Unashika. Mafuta yanatoka. “Achia!” Halafu mwanzo tena, mpaka kanyagio iwe ngumu.

Yangu haikuwa ngumu. Ilizama hadi sakafuni kama mwiko kwenye uji.

Nilishuka nikawaeleza waliohudhuria sababu. Mfaransa Blaise Pascal, nikasema, alitufundisha zaidi ya miaka 300 iliyopita kwamba ukiyabana mafuta yaliyofungiwa, msukumo huenea pande zote sawasawa. Ndiyo maana unyayo mmoja unaweza kusimamisha lori lenye friji, makochi na jogoo. Lakini hewa si mafuta. Hewa hubanika, ni laini, ni nyepesi, hupanda juu. Ikiingia kwenye breki, nguvu zako zote zinaishia kuibana yenyewe. Kijana akainua mkono ulio na tochi.

“Maswali mwishoni,” nikamwambia.

“Ni kweli, mwalimu,” akasema fundi. “Panda upampu.”

Mtaa wetu unaitwa Umoja, na siku ile kila mtu alikuja na wake. Dereva wa matatu akasema ni masta silinda. Muuza mayai akasema mafuta ni feki. Jirani aliyewahi kuendesha lori Qatar akatueleza jinsi wanavyofanya Qatar, na hadithi ilikuwa ndefu kwa sababu Qatar gari likiharibika unapewa lingine. Mzee mmoja mstaafu wa reli, mtu wa Makongeni, alisikiliza yote kisha akauliza kwa upole, “Treni tuliisimamisha kwa hewa miaka yote. Nyinyi mbona mnaitoa?” Hakuna aliyemjibu. Tuliogopa kwamba huenda ana hoja.

Saa sita chupa ya pili ya mafuta ya breki iliisha. Saa tisa ikaisha ya tatu. Saa kumi na moja mguu wangu wa kulia uliacha kuwa wangu. Fundi akaenda kununua sigara, kamati ikatawanyika kwenda kutafuta chai, nikashuka nikakaa juu ya tairi karibu na kijana, ambaye bado alikuwa ameshika tochi.

“Unamulika nini?” nikamwuliza.

“Mwalimu, si ulisema hewa inapanda juu?”

“Ndiyo.”

“Na nipo si iko chini?”

Nikatazama. Ilikuwa chini, chini kabisa, imeelekea ardhini. Kalipa ya kushoto tulikuwa tumeifunga kulia, na ya kulia kushoto. Mafuta yalikuwa yakitoka kwa chini tangu asubuhi, na hewa imekaa juu kama mwenye nyumba wa ghorofa ya mwisho, inatutazama tu.

“Mbona hukusema?”

“Nilisema saa tatu, nikaambiwa nishike tochi. Nikainua mkono, ukasema maswali mwishoni.” Akafikiri kidogo. “Sasa sijui kama ni mwishoni.”

Fundi aliporudi alitazama, akazima sigara kabla hata haijashika vizuri. “Kwani hazikuwa na alama?”

Nilijitazama viganja. “Wauzaji siku hizi,” nikasema, “hawaweki alama.”

Kuzibadilisha kulituchukua muda wa chai moja. Nipo zikaelekea juu, paipu zikanyooka kama watoto waliooga, na kijana akapewa spana. Mara ya kwanza tu alipolegeza, hewa ikatoka na kikohozi cha mzee, pff, pff, kisha mafuta safi. Kanyagio ikasimama chini ya unyayo wangu kama jiwe. Jioni tukalijaribu barabara ya Manyanja. Nikakanyaga breki kwa makusudi mbele ya ile baa, na lori likasimama limenyooka katikati ya njia yake. Wateja walikuwa wametoka kutupokea. Wakarudi ndani.

Ningependa kuishia hapo. Lakini mimi ni mtu wa usafi, na kopo lililojaa mafuta ya breki tuliyoyatoa niliona vibaya kuliacha chini watoto wasije wakalichezea, nikaliweka juu ya bampa, mwisho wa kulia, nikaenda kulala. Kopo lilikuwa na tundu. Na mafuta ya breki, jambo ambalo Pascal hakuligusia, hula rangi. Asubuhi rangi ilikuwa imevimba kama mandazi, na nilipopitisha kitambaa, HERI ikatoka yote. Bampa ikabaki inasema SUBIRA HUVUTA.

Kwa hiyo sasa lori halivuti, ila limeandikwa kwamba linavuta. Wateja huliona, wakauliza ni upande gani. Mchoraji wa Kariobangi bado anatoza kwa herufi, na herufi ni nne, na mkopo wa Sacco haujaisha. Yule kijana ndiye aliyepata dawa. Aliniomba kipande cha chaki, akachuchumaa mbele ya lori, akaandika HERI kwa herufi kubwa pale pale ilipokuwa. Mvua ikinyesha huoshwa, naye huja akaandika tena. Mimi nikiosha lori, hapo huparuka.