Waende Kwao, Lakini Si Wiki Hii

Wageni wamezidi. Nasema wazi, hapa hapa kwenye ligablo langu, kiduka changu cha mezani, Kabondo, Kisangani, na asiyetaka kusikia avuke barabara. Nenda mjini Makiso: simu kwa Mlebanoni, sapatu kwa Mchina, sukari kwa Muhindi. Sasa Muhindi mwenyewe ameshafika hadi kwenye kona yetu. Na hauzi katoni tu kama wakubwa wenzake. Anauza sabuni moja! Moja, ndugu yangu! Mtoto anatumwa sabuni na mama yake, anapita mbele ya meza yangu, ananisalimia vizuri, "Papa, mbote," halafu huyoo, kwa mgeni, maana kule bei ni nafuu na anaongezewa bombo ya kumumunya. Mimi nabaki na mbote.

Na sheria ipo! Mpwa wangu anasoma sheria pale chuo kikuu, UNIKIS, ndiye aliyenifungua macho. Tarehe 8 Agosti 1990 Rais Mobutu mwenyewe alitia saini: biashara ndogo ndogo ni ya wenyeji. Nikamwambia arudie. Akarudia. Alikuwa na sentensi nyingine ya kuongeza, mambo ya karatasi ya patanti sijui, lakini nilikuwa nimeshasikia ya kunitosha.

Wazee wataniambia tulishajaribu. Najua, baba yangu mdogo alikuwemo. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni sasa ni ya Wazaire, ndivyo tulivyoitwa. Wagiriki, Wareno, Wahindi, Wapakistani, wote watoke kwenye kaunta. Baba mdogo alikuwa karani tu, lakini alijua mtu aliyejua mtu. Akaamka acquéreur, mgawiwa mali, na duka zima la Mgiriki! Vitambaa, sufuria, taa za petroli, baiskeli, viatu mpaka darini. Akauza. Ee, aliuza! Bei ya asubuhi, bei ya jioni, bei ya shemeji. Rafu zikawa nyeupe. Ndipo akauliza: hivi Mgiriki alikuwa anaagiza wapi? Hakuna aliyejua. Mgiriki alikuwa ameondoka nayo kichwani.

Vilivyobaki ni viatu vya dirishani, na dirishani unajua wanaweka cha mguu mmoja tu. Vya kulia vilikuwa kwenye katoni za stoo, stoo ilikuwa kwa mlinzi, na mlinzi alikuwa ameshakwenda zake. Mimi ndiyo kwanza naanza shule. Nikaanza na viatu viwili vya kushoto, vyeusi, vinang'aa. Nikielekea darasani najikuta naelekea mtoni. Mwalimu akidhani ni utoro.

Mwaka 1976 serikali ikawaita wenye mali warudi wachukue vyao. Wengine walirudi. Mgiriki wetu, wapi! Ni kweli bei ya shaba nayo ilianguka 1974, nchi nzima ikayumba, na baba mdogo mpaka anakufa alishikilia kwamba ni shaba iliyommalizia viatu. Mpwa anasema yule V. S. Naipaul wa Trinidad aliandika riwaya mwaka 1979, *A Bend in the River*, mji kama huu wetu, duka la Muhindi linachukuliwa na kupewa mwananchi. Sijaisoma. Nilichouliza ni kama baba mdogo ametajwa, maana hajalipwa.

Halafu usinifananishe na wale wa Brazzaville. Wale ni wakatili. Mwaka 2014, na ile operesheni yao ya kufukuza wageni, Mbata ya Bakolo, watu wetu zaidi ya laki moja walivuka mto na magodoro kichwani. Binamu yangu alikuwa anashona kule. Alirudi na kichwa cha cherehani, meza imebaki. Mwaka 2018 Angola nao wakafanya vile vile. Sasa mtu anaamka, anafanya kazi yake, hajamwibia mtu, unamfukuza kwa nini? Kwa sababu anashona kwa bei nafuu? Nililia. Nikamwambia binamu, watu wale hawana roho. Kisha tukaendelea kumsema Muhindi wa kwenye kona.

Basi, juzi mabwana wawili wenye mikoba wanapita, watu wa ofisi. Nikawaita mwenyewe. Nikawapa kiti. Nikawapa soda, ile ya baridi, bure. Nikawatajia sheria, tarehe, saini. Wakasikiliza vizuri, watu wenye heshima zao. Mmoja akafungua daftari.

"Papa, umesema kweli kabisa. Biashara ndogo ni ya Mkongomani mwenye patanti. Ya kwako iko wapi?"

Mimi! Niliyezaliwa hapa! Wakautazama mzani wangu, ule wa kufungwa jiwe kwa kamba. Wakaandika mzani. Wakachukua kopo la sardini, wakasoma tarehe, wakatazamana. Wakaandika sardini. Soda walimaliza. Kwa Muhindi walikuta karatasi zimewekwa kwenye fremu ukutani, zinasema yeye ni wa jumla. Na ile sabuni moja? Akasema ni ya kuonja. Wakampa mkono, wakaniambia mimi watarudi jioni.

Feza ya faini ningeitoa wapi? Nikaenda kwa Muhindi. Usinitazame hivyo. Sukari yangu, sardini yangu, sabuni yangu, vyote natoa kwake, kwa deni, nalipa nikiuza. Yeye ana mtu Kinshasa wa kumpakilia mali kwenye boti, kilomita 1,700 za mto, na mwingine kwenye barabara ya Beni. Mimi nina mpwa. Kwenye daftari lake ukurasa mzima ni wangu, mbele na nyuma. Kiswahili anakiongea kuwashinda wakwe zangu, na amezaliwa hapa hapa Kisangani, lakini hilo halihusiani.

"Papa," akaniuliza, "wale watu nani aliwaita?"

Nikamwambia mtaa huu una wivu sana.

Akanihesabia feza. Akanishauri niishi vizuri na majirani. Nikamwomba na karatasi mbili za kuandikia, na kalamu, maana mpwa anamwandikia mheshimiwa mbunge barua kali kuhusu wageni. Akatoa, akaongeza kwenye ukurasa wangu.