Misingi ya Kikomolojia: Mhadhara wa Kwanza, Sigalagala

Mwanafunzi, kaa kitako. Umekuja politekniki ya Sigalagala kutafuta ufundi. Utatoka na Kikomolojia, taaluma inayochunguza kwa nini faili hukataliwa mahali penye nafasi tele. Falsafa nyingine zitasubiri zamu yao.

Fasili ya 1. Furushi-chelezo: faili moja iliyomeza faili nyingi, hufungwa siku ya amani ili ifunguliwe siku ya maafa.

Fasili ya 2. Mkwamo: hali ya furushi kukataliwa penye nafasi tele.

Chukua mfano wa kimaabara. Furushi la gigabaiti 5 limebeba video za isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa haraka. Flashi ni ya gigabaiti 32, tupu kabisa. Kompyuta yasema faili ni kubwa mno. Asiyesoma atamlaumu mwenye saiba. Wewe utaainisha.

Aina ya 1: Mkwamo-tarakimu. FAT32, mfumo wa faili wa mwaka 1996 uliomo kwenye flashi hiyo, huandika ukubwa wa kila faili kwa biti 32. Ukomo wake ni baiti 4,294,967,295, yaani gigabaiti 4 kasoro baiti moja. Nafasi ipo, namba ya kuitaja faili ndiyo haipo. Aina hii ina spishi mbili. *Mkwamo wa asubuhi* hukataa kabla ya kunakili. *Mkwamo wa jioni* hunakili gigabaiti 4 kwa utiifu, kisha hukataa. Wa pili huumiza zaidi, kwa kuwa hutanguliwa na matumaini.

Aina ya 2: Mkwamo-furushi. Hapa flashi haina hatia; mwenye kosa ni muundo wa furushi lenyewe. Zip ya kale iliishia gigabaiti 4, hadi Zip64 ilipokuja mwaka 2001. Tar ya muundo wa ustar huandika ukubwa kwa tarakimu 11 za msingi wa nane, hivyo faili ya ndani haiwezi kufika gigabaiti 8.

Aina ya 3: Mkwamo-uvimbe. Furushi la gigabaiti 3 huingia salama likiwa limebanwa. Ukilifungua papo hapo, hifadhidata iliyomo huvimba hadi gigabaiti 9, nawe umerudi Aina ya 1. Huu ndio hatari kuliko yote, maana huvaa sura ya ufanisi.

Tiba. Fomati flashi kwa mfumo wa exFAT, ukijua kwamba kufomati hufuta kila kilichomo. Vinginevyo, kata furushi kwa amri ya split, vipande vya gigabaiti 3, kisha uviunge kwa cat kwenye diski ya NTFS au ext4. Anayeviunga kwenye flashi ileile ya FAT32 arudie mwaka.

Zoezi. Umepewa flashi ya FAT32 na furushi la baiti 4,294,967,296. Eleza, kwa kurasa zisizopungua kumi, ni baiti ipi yenye kosa. Jibu "ya mwisho" halina alama: ukiiondoa hiyo, iliyo mbele yake itakuwa ya mwisho, nayo itapita bila kuulizwa.