Shikamoo, Baba wa Mstarini

Wapo walioisifu mvua, wapo walioisifu nazi, na washairi wa pwani hawajawahi kuishiwa wino kwa ajili ya wapenzi wao. Baba wa mstarini hajasifiwa na mtu. Mimi nimekaa miaka minne kwenye kamati ya nidhamu ya ligi ya watoto wa chini ya miaka 13 huku kwetu Temeke, na deni hilo nimeamua kulilipa.

Mnamjua. Anafika uwanjani kabla ya refa, kandambili mguuni, kikombe cha kahawa mkononi, jezi ya timu kubwa ikimbana tumbo. Kocha amefundisha wiki nzima: pasi fupi, tulieni, chezeni chini. Yeye anausahihisha mtaala wote kwa neno moja: "Butuaaa!" Mtoto mwenye mpira amepata walimu wawili kwa ada ya mmoja. Anamtazama kocha, anamtazama baba, na mpira umeshachukuliwa.

Macho yake ni muujiza. Kibendera yuko sambamba na beki wa mwisho na hajaona kitu. Baba, aliye kona ya pili chini ya mwarobaini, ameona kuotea, tena kwa nusu unyayo. Refa mwenyewe ni kijana wa kidato cha nne anayelipwa nauli na soda. Katika dakika 60 ataitwa kipofu, mla rushwa, na mtoto wa mama ambaye... basi, hapa niishie. Wapi pengine kijana wa miaka 17 angefundishwa mapema hivyo namna watu wazima wanavyozungumza? Msimu uliopita waamuzi wetu watatu walihitimu mafunzo haya, wakarudisha filimbi, hatujawaona tena.

Sheria nazo zimemheshimu. Tangu 2019 refa anaweza kumwonyesha kadi hata kocha aliye benchi. Mzazi hana kadi yake. Refa amebakiwa na kusimamisha mchezo na kungoja, yaani kumpatia baba wasikilizaji waliotulia. Waingereza walianza 2008 kuwatengea wazazi eneo lao, nyuma ya kamba. Nasi tukachora mstari wa majivu, mita mbili kutoka uwanjani. Aliutii kabisa. Alihamia nyuma ya goli, jirani na sikio la kipa.

Ila kipaji chake hasa kiko kwenye barua. "Yah: Malalamiko makali dhidi ya mwamuzi. Husika na kichwa cha habari hapo juu." Kurasa tatu, mchoro wa penalti kwa kalamu nyekundu, na mwisho nakala kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, afisa utamaduni na diwani. Timu ilikuwa imefungwa 4–1. Tulikaa hadi saa tatu usiku, watu wazima sita, tukijadili kama mpira uligusa mkono wa mtoto wa darasa la tano. Mkutano wa kero ya maji wiki hiyohiyo haukupata akidi.

Na akisema mshambuliaji wa wapinzani ni kijeba, msimcheke. "Yule ana mke Mbagala!" hulalamika, kisha huikumbusha kamati kuhusu Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17: walitolewa na Congo Brazzaville kwa goli la ugenini, tukalalamikia umri wa mchezaji wao, mchezaji hakufika kwenye kipimo cha MRI, CAF ikawaondoa Wakongo, na 2017 vijana wetu wakaenda fainali za Afrika kule Gabon. Nani atabisha? Mwaka 2005, ambapo sisi wenyewe tuliondolewa kwa tatizo hilohilo la umri, huwa anauruka. Historia ni ndefu na muda wa kamati ni mfupi. Kijeba wake wa mwisho tulimwita, tukamsimamisha mbele ya meza. Bibi yake alileta kadi ya kliniki: miaka 12 na miezi miwili, mrefu tu kama marehemu babu yake. Mtoto alilia. Tulimnunulia soda.

Juzi Jumamosi baba alikwenda msibani Tanga. Mechi ilichezwa kimya hadi tukasikia kunguru. Mwanawe, ambaye siku zote hupiga mpira kama anamfukuza mwizi, alijaribu chenga ya kisigino, ikagoma, akacheka, akajaribu tena. Refa naye alicheka. Mpira ulipoisha watoto walikuwa wakibishana kama ni mbili mbili au tatu mbili, na hakuna aliyetafuta mkubwa wa kumuuliza. Katibu wa kamati alikaa na daftari lake la malalamiko hadi saa kumi na moja, akalifunga likiwa jeupe, akala kachori mbili, akaenda nyumbani.

Jumatatu tulimtumia baba salamu za rambirambi. Ratiba ya wiki ijayo tumesahau kuiambatanisha.