Tuanze na Upi?

Kama una haraka ya kwenda popote, usimuulize mpenzi wa The Legend of Zelda uanze na mchezo upi. Kwanza atakuuliza una mashine gani. Kisha atakuuliza kama wewe ni mtu wa subira. Kisha atakaa sawasawa kitini, na hapo mwenye nyumba ajue chai inabidi iongezwe maji.

Swali hilo liliingia kwetu Magomeni katikati ya Ramadhani, pamoja na binamu yangu anayefanya kazi Maskati. Alikuja likizo na tende, manukato na mashine ya Nintendo Switch, akagawa vyote, akarudi zake. Tende zilijieleza zenyewe. Mashine haikujieleza. Mtaani kwetu gemu ni mpira: unaingia kibandani, unalipia mechi, unafungwa, unampisha mwenzako padi. Hakuna anayekesha akijiuliza aanze na mpira wa mwaka gani. Unaanza na uliopo. Sasa tumekabidhiwa ukoo mzima wa michezo ya safari na mapango, ulioanzishwa Japani mwaka 1986 na Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, na kila miaka michache tangu hapo unazaa mwingine.

Baada ya futari tukakaa kikao.

Shemeji yangu ni mhasibu, na kwake jambo halikuhitaji kikao. Daftari hufunguliwa ukurasa wa kwanza, akasema, na ukurasa wa kwanza ni 1986. Akachukua padi. Mchezo ule wa kwanza hauna makaribisho: unatupwa katikati ya uwanja na ngao mkononi, silaha huna, na mbele yako pana mlango wa pango. Ndani ya pango yupo mzee anayegawa upanga bure. Shemeji aliliona pango. Akatutangazia kwamba mtu mwenye akili zake haingii pangoni bila kujua lina nini, akageuka, akaelekea kulia mikono mitupu. Huko akakutana na vijidude vinavyotema mawe. Akafa. Akarudi, akalitazama tena pango kwa dharau, akaenda kufa upande wa pili.

"Mjomba," mwanangu akasema kwa adabu zote, "pangoni kuna upanga."

"Ungekuwepo, wangeuweka nje."

Miyamoto amesimulia kwamba utotoni alikuwa akizurura vilimani huko Sonobe, karibu na Kyoto, akakuta pango, na baadaye akaliingia na taa, na kwamba mchezo huu umetokana na hamu ile. Mchezo mzima, kwa maneno mengine, umetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeingia pangoni. Shemeji si mtu huyo, na sidhani anapaswa kulaumiwa. Watu wa aina yake ndio wanaotufungia hesabu za mwaka.

Mke wangu anafundisha historia. Yeye alisema mwaka wa kutengenezwa si hoja, hoja ni tukio lipi lilitangulia, na akatafuta. Hapo ndipo usiku ulipoharibika. Kisa kinachotangulia vingine katika masimulizi, Skyward Sword, kilitoka mwaka 2011. Ule wa 1986, ambao shemeji alikuwa anafia ndani yake kwa kujiamini, uko mbali kabisa huko chini. Kwa miaka mingi wapenzi walikuwa wakigombana juu ya mpangilio huu, mpaka Desemba 2011 kikatoka kitabu huko Japani, Hyrule Historia, kutoa hukumu. Hukumu yenyewe: baada ya Ocarina of Time ya 1998, historia inapasuka mara tatu. Katika tawi moja shujaa alishindwa. Katika la pili alishinda akiwa mtu mzima. La tatu ni pale aliporudishwa utotoni. Ni kama ukoo wa baba mwenye wake watatu aliyefariki bila wosia: kila nyumba ina habari zake za jinsi mambo yalivyokuwa, na zote zina muhuri.

Mke wangu akageuza kalenda ya ukutani akachora matawi yote upande wa nyuma, kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia. Alipofika Breath of the Wild ya 2017 akakwama, maana wenye mali waliuweka mwisho kabisa bila kuuunganisha na tawi lolote. Akaandika jina lake pembeni akalizungushia duara, vile anavyofanya kwa mwanafunzi asiye na daftari.

Mimi nilikuwa kimya muda wote huu, kwa sababu mama mkwe alikuwepo, lakini nilikuwa na maoni. Mpangilio ule ni wa kubandika. Karibu kila mchezo una shujaa Link wake na binti mfalme Zelda wake, watu wapya wenye majina ya zamani. Link wa huku hana deni kwa Link wa kule. Jozi za kuangalia ni chache: Majora's Mask inafuata Ocarina, Phantom Hourglass inafuata Wind Waker, na Tears of the Kingdom ya 2023 usiiguse kabla ya Breath of the Wild. Kwingine kote ingia unapotaka. Niliyasema haya kwa ufasaha mkubwa jikoni, peke yangu, nikiosha vikombe.

Mwanangu hakuchangia. Alikuwa ameshaanza na Breath of the Wild wakati sisi tunatafuta rula. Katika mchezo ule Link anaamka baada ya kulala miaka 100, na muda wote huo binti mfalme amemzuia adui peke yake ngomeni, akisubiri msaada. Ukishuka tu kutoka kwenye uwanda wa mwanzo unaruhusiwa kwenda moja kwa moja kumwokoa. Mwanangu akaenda kuchuma uyoga. Akagundua pia kwamba vyungu vinapikiwa, akapika, jioni baada ya jioni, mishikaki, mchuzi, wali, vyakula ambavyo sebuleni hakuna aliyewahi kumwona akishika mwiko wake.

"Na huyo mtoto wa watu anayengoja?" bibi yake akamuuliza.

"Amesubiri miaka mia, bibi. Kesho atakuwepo."

Mama mkwe alikuwa anamwita yule kijana wa kofia ya kijani Zelda, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Si yeye pekee. Dunia nzima inakosea hapo, kwa kuwa jina la mlangoni ni la binti na anayetoka jasho ni Link. Ilibidi ifike 2024, na Echoes of Wisdom, ndipo mchezo mkuu wa ukoo huu ukampa Zelda kazi mwenyewe. Mke wangu aliposikia hivyo alitaka kufuta kalenda yote na kuanza hapo. Wino mwekundu haufutiki.

Mwezi ishirini na tisa ndiyo siku tuliyojulikana mtaani. Shemeji, aliyekata tamaa na 1986, alikuwa amemwachia mwanangu Majora's Mask. Humo mji una siku tatu tu: mwezi wenye uso, macho mekundu na meno, unashuka taratibu juu ya mapaa, na usipowahi kuurudisha wakati nyuma unaangukia kila mtu. Magharibi imeingia, watu wako vibarazani wanatazama angani, madirisha yetu wazi kwa ajili ya joto, na mwanangu, ambaye wakati ulikuwa umemwishia, akapiga ukelele: "Mwezi huo! Mwezi huo!"

Nyumba ya pili wakajibu kwa vigelegele. Watoto wakatoka na masufuria. Mama mkwe akaingia mbio kutoka uani, akasimama mbele ya televisheni, akautazama ule uso kwa muda.

"Astaghfirullah," akasema. "Ndio umeandama hivi?"

Jirani akabisha hodi kuuliza nani ameuona na upande gani, maana alikuwa ameshakanda unga wa maandazi ya asubuhi. Mke wangu akatoka kumweleza. Jaribu siku moja kumweleza mtu mwenye unga mikononi kwamba mwezi uliotangazwa ni wa mwaka 2000, wa Japani, na una meno. Baadaye likaja tangazo lenyewe redioni: haujaonekana, tukamilishe thelathini. Maandazi yale tulikula daku.

Baada ya hapo mama mkwe akashika usukani. Akaagiza tuwekewe kitu kisicho na mwezi. Binamu naye alikuwa ametuma ujumbe wa sauti kutoka Maskati, mrefu kuliko kipindi cha televisheni, akisisitiza Ocarina of Time, kwamba hakuna mchezo uliowahi kuufikia; ukisikiliza mpaka mwisho unagundua aliucheza akiwa kidato cha pili, kwa rafiki yake, likizo, hana ada ya kulipa wala mkataba wa kazi. Nami ningependekeza chochote nilichokuwa nacho wakati ule.

Tukaweka Ocarina. Katika kijiji cha Kakariko yuko mwanamke aliyepotelewa na kuku saba, na ngozi yake haivumilii kuwagusa. Shujaa wa dunia anaombwa akawakamate. Mama mkwe, ambaye kwake Tanga anafuga kuku wa kienyeji, akasogeza kiti. Akaelekeza wapi kuku hujificha, na mara nyingi alipatia. Alipoona malipo ya kazi yote ile ni chupa tupu akauliza kama hata soda haimo. Shemeji, kwa utani, akachukua padi akampiga kuku kwa upanga, akarudia, akarudia. Kuku akawika, na wenzake wakashuka kutoka kila pembe ya anga, hawahesabiki, hawafi, wakamwangusha kijana chini.

"Anastahili," mama mkwe akasema, na kwa mara ya kwanza tangu binamu aondoke hapakuwa na mjadala. Tulirudi Kakariko kila usiku. Kuokoa ulimwengu tukakuacha kwa wenye nafasi.

Juzi kijana mmoja kazini aliniambia amepata mashine ile ile, anataka kuingia kwenye Zelda, na amesikia mimi ni mjuzi. Aanze na upi? Nikakaa sawasawa kitini.

"Anza na ule wa kuku," nikamwambia.

Alirudi kesho yake. Alikuwa ameulizia. "Kaka," akasema, "kuku wamo katika mingi."