Wembe wa Mjomba

Zamani, kwetu sisi Wadigo, mjomba akifa mali yake ilikwenda kwa mpwa. Mimi nilichelewa kuzaliwa. Mjomba wangu alipofariki, sheria ya dini ilikuwa imeshatangulia: minazi ikachukuliwa na wanawe, mimi nikapewa wembe. Wembe wa kukunja, mpini mweusi, pamoja na mkanda wa ngozi wa kuunolea na donge la shabu ndani ya mkebe wa tumbaku.

Siku ya nikaha ya binti wa dada yangu, kinyozi wetu hapa Mkongani alikuwa na foleni mpaka barabarani. Nikajiambia, kwani mwenye wembe ni nani? Wazee husema kinyozi hajinyoi. Sawa, lakini mimi si kinyozi.

Nikapachika kioo cha bodaboda kwenye mpapai, nikajipaka povu, nikaanza. Shavu la kulia lilikwenda vizuri hata nikapiga mluzi. Usipige mluzi. Midomo ikijikunja na ngozi hujikunja, na wembe hausubiri. Nilipofika kidevuni fulana ilikuwa imeshaiva kwa damu.

Kufungua mkebe, mtupu.

"Mama watoto, shabu iko wapi?"

"Nimeitia kwenye pipa, baba. Hukuyaona maji ya masika?"

Kweli, maji yaliyokuwa kama chai ya maziwa jana, leo ungeweza kuona sarafu chini ya pipa.

Nikaenda dukani, taulo kidevuni. Muuzaji, mzee wa heshima zake, aliniinamia akauliza kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia: "Ni yako, au umetumwa?" Wanawake waliokuja kununua unga wakajifunika leso usoni. Anayejua kazi nyingine ya shabu anajua. Asiyejua na amuulize somo wake.

Nyumbani nikailowesha kwa maji baridi, nikajisugua. Jirani aliniambia baadaye kwamba alidhani ndovu wa Shimba wametoka tena msituni. Nilitarajia maumivu pale kidevuni tu, kumbe shavu la kulia, lile nililolipigia mluzi, ndilo lililowaka zaidi! Halikuwa na tone la damu, lakini nilikuwa nimelikwangua kama kifuu. Shabu husahihisha kazi yako kama mwalimu mkali: palipokandamizwa wembe pataungua, paliponyolewa kwa mkono mwepesi patanyamaza.

Damu ilikatika. Ndani ya pipa shabu hulishikanisha tope likazama. Usoni huibana ngozi na kuigandisha damu kwenye mikato midogo. Mkato mkubwa, nenda zahanati. Ukimaliza, suuza uso, kisha kausha donge lako, maana likiachwa kwenye maji linayeyuka. Na liwe lako kweli. Watu humkodolea kinyozi macho mpaka atoe wembe mpya kwenye karatasi yake, halafu wanakubali kusuguliwa kipande cha shabu kilichokwisha kupita kwenye damu ya mashavu ya kijiji kizima.

Kusuuza ndiko nilikosahau. Nilipofika Kwale kwenye nikaha uso ulikuwa umekauka na kufanya ukungu mweupe, kama mpishi aliyeangukia unga. Picha za harusi zipo. Mimi ni yule wa pembeni aliyeshika kidevu, kama mtu mwenye mawazo mazito.